Jina Walilolitaka

Muuza viatu aliuawa asubuhi kweupe, katikati ya soko, na hakuna aliyeona. Ndivyo watu walivyowaambia polisi. Mwenye duka la vyombo, ambaye damu ilirukia mpaka kwenye masufuria yake, alisema alikuwa ameinama. Muuza vitunguu alisema jua lilimpiga machoni. Mwingine alikiri kusikia kelele, ila alidhani watu wanashangilia.

Walichokiona wote ni hiki. Walinzi wa soko walikuja kuwaondoa waliopanga bidhaa njiani. Mkubwa wao, kijana wa kifua kipana aliyeitwa Kamanda ingawa hakuwahi kuwa askari hata siku moja, alimwamuru muuza viatu akunje turubai lake. Muuza viatu akaanza kukunja taratibu, huku akitania kwa sauti ya kusikika, "Haya baba, naondoka. Ila hiyo kofia inakupwaya. Umeazima kofia au umeazima kichwa?" Watu wakaangua kicheko. Hata mlinzi mmoja alicheka. Kamanda naye alicheka kidogo, kisha akainua rungu akampiga muuza viatu kichwani, na alipoanguka hakuacha. Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Mwishowe ikabaki sauti ya rungu tu, na hiyo nayo ikabadilika, ikawa kama ya mtu anayepiga nguo iliyolowa.

Jioni ile video ya tukio zima ikatokea Uani.

Uani ulikuwa mtandao wa mtaa, nao uliishi ndani ya kompyuta moja kuukuu chini ya meza ya Fundi. Fundi alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyetengeneza simu, redio na kompyuta kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Programu aliyoitumia haikuwa ya kampuni. Waliitengeneza watu wa kujitolea, wakaiachia huru: anayetaka aichukue bure, aifungue aone ilivyoundwa, airekebishe, aiweke kwa ajili ya watu wake. Wauguzi wa mji mwingine walikuwa na mtandao wao, walimu wao, wanafunzi wa chuo wao. Kila kundi na nyumba yake na sheria zake, lakini nyumba zilipeana salamu. Ulichoandika Uani, muuguzi wa mbali aliyekufuata alikisoma kwake papo hapo, na akikipenda alikisukuma mbele. Hakukuwa na mwenye mtandao wote. Kulikuwa na wenye nyumba tu, na mwenye nyumba ya Uani alikuwa Fundi.

Watu waliutumia kutangaza maji yamekatika, kutafuta kuku aliyepotea, na kutaniana kwa majina ya kubuni. Fundi peke yake ndiye aliyeweza kuona namba ya simu iliyo nyuma ya kila jina.

Aliyeiweka ile video alijiita Mpita Njia. Fundi aliitazama akiwa ameziba mdomo. Kamera ilitikisika lakini haikukwepa. Uso wa Kamanda ulionekana wazi, na Kamanda alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyelala chumba cha pili katika nyumba hiyohiyo. Ilipokaribia mwisho, Fundi akasikia mtu aliyeshika simu akinong'ona, karibu kabisa na kipaza sauti, "Basi, mwanangu. Basi. Basi, mwanangu."

Waliokwisha kuitazama wote walidhani huyo ni mama fulani anayemhurumia anayepigwa. Fundi aliirudia mara nyingine, kisha akaenda kutazama namba ya simu ya Mpita Njia. Hakuhitaji kuitazama. Sauti ile ndiyo iliyomwamsha kila siku tangu alipoolewa.

*

Asubuhi alimkuta mama mkwe wake nyuma ya nyumba, anafua. Alichuchumaa kando ya beseni.

"Mama, Mpita Njia ni wewe."

Mama hakuacha kufua. "Si ulisema majina ya humo ni siri?"

"Ni siri kwa wengine. Mimi naona namba."

"Basi umeona."

"Kwa nini hukuniambia kwanza?"

"Ningekuambia, ungeniuliza kama nina hakika. Ungeuliza mara ya pili, ningesema sina." Alikamua shati kwa nguvu, maji yakamchuruzika mpaka viwikoni. "Nilikwenda kununua uzi. Nikasikia watu wanacheka, nikatoa simu nikidhani ni vichekesho, nije nimwonyeshe mjukuu wangu. Halafu mkono ukakataa kushuka."

"Ungekwenda polisi."

"Kwa polisi gani? Hawa wanaokula sahani moja na Mwenyekiti wa soko? Wangeniambia nimezeeka, sioni vizuri. Simu haijazeeka."

Fundi alimtazama mikono. "Mama, akijua?"

"Yule nilimzaa kwa kupasuliwa. Hawezi kunitisha." Akalikung'uta shati. "Ila mumeo usimwambie. Atamwendea mdogo wake na kisu cha nyama, nami nitabaki sina hata mmoja."

Fundi alirudi mezani kwake, akaifuta namba ile kwenye kompyuta, na kila alama iliyoweza kumfikisha mtu kwa bibi kizee anayefua nyuma ya nyumba. Mashine ikawa haijui tena. Aliyejua alibaki yeye.

*

Kamanda hakuwa amelala nyumbani tangu siku ile. Siku ya tatu alikuja kula mchana, amevaa shati safi. Shavu lake moja lilikuwa limevimba, na alama za vidole zilionekana juu yake. Walikuwa wamekaa mkekani: Fundi, mumewe, mtoto wao wa kike, na Mama aliyekuwa akipakua. Mume wa Fundi alikuwa na bucha pale sokoni, na kibali cha bucha hiyo alikipata kwa mdogo wake kumnong'oneza Mwenyekiti. Kwa hiyo tangu siku ya mauaji hakuwa amesema neno. Alikuwa akienda kazini na kurudi, akinawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Shem," Kamanda alisema, "leo nimekuja kama mtu wa nyumbani."

"Wewe ni mtu wa nyumbani."

"Basi kifute kile kitu."

"Nikikifuta, kimefutika hapa kwetu tu. Kimeshafika kwa wauguzi, kimefika kwa wanachuo, kimefika nchi ambazo sijui hata sasa hivi kwao kumekucha au kumekuchwa. Naweza kuwapelekea ombi wafute. Anayetaka atafuta, asiyetaka ataacha. Mimi si mama yao."

"Kwani mkubwa wenu nani? Nipe mkubwa wenu, Mwenyekiti aongee naye."

"Hatuna mkubwa."

Kamanda alicheka, akashika shavu. "Kitu gani hapa duniani hakina mkubwa? Hata nyuki wana mkubwa wao."

"Hiki hakina."

"Sawa. Basi nipe jina la huyo Mpita Njia."

Upawa wa Mama uligonga ukingo wa sufuria. Hakuna aliyegeuka.

"Jina sitoi," alisema Fundi.

"Mke wangu," mumewe alianza, "labda..."

"Labda nini?"

"Labda tuzungumze."

"Mnaona?" Kamanda alisema, akimtazama kaka yake. "Humu ndani sijui nani kaoa, nani kaolewa. Kaka, ile bucha imesimama kwa mgongo wangu. Nikikohoa tu, kesho unapanga nyama chini unagombania na mbwa. Mwambie mkeo."

Mumewe alitazama sahani yake. Masikio yalimwiva kwa aibu, mtoto akiwa anamtazama.

Ndipo Mama alipouliza, kwa sauti ileile aliyokuwa akiulizia chumvi, "Mwanangu, yule mtu ulimuua wewe?"

"Mama, mimi nilikuwa kazini."

"Sikukuuliza ulikuwa wapi."

Kamanda aliirusha sahani ukutani. Mtoto akaangua kilio. Kijana alisimama, kifua kikipanda na kushuka, akaelekeza kidole kwenye shavu lake. "Mnaliona hili? Hili nimepigwa mbele ya vijana wangu, nimepiga magoti kama mtoto wa shule. Mwenyekiti anasema kelele imevuka mpaka, watu wa mbali wanamuuliza maswali. Anataka jina. Nisipolipeleka, nitapelekwa mimi. Kesho watakuja wenyewe, na nitakuja nao, maana nisipokuja nao watajua siko nao. Shem, nakuomba kwa undugu wetu. Mtu mmoja tu. Mtu usiyemjua hata ndugu zake."

Fundi alikusanya vipande vya sahani kwa mkono, kimoja kimoja.

Kamanda alipoondoka, mume wa Fundi alifunga mlango akaegemea. "Ni nani huyo unayemficha hivi?"

"Usiniulize."

"Ni mtu wa maana kuliko sisi?"

"Nimekwambia usiniulize, baba. Nikikwambia, tutakuwa wawili wa kuvunjwa."

Walimpeleka mtoto kwa shangazi yake. Mama aliambiwa aende naye, akakataa katakata. Alisema hajawahi kukimbia nyumba kwa ajili ya mtoto aliyemfunga nepi mwenyewe.

*

Walikuja asubuhi, wakati mtaa umejaa watu wanaofagia na kuanika nguo. Kamanda alikuwa nyuma, si mbele. Mbele alikuwa mlinzi aliyeitwa Nondo, kwa sababu ya kipande cha nondo alichotembea nacho hata akienda chooni. Wengine wawili walifuata. Mtaa mzima ukaingia ndani na kushusha mapazia.

Hawakupiga hodi. Nondo aliupiga mlango teke, bawaba ikang'oka. Fundi alikuwa mezani, chuma cha lehemu kikiwa mkononi, cha moto.

"Iko wapi hiyo mashine?"

Hakungoja jibu. Aliiona chini ya meza, imefunikwa kitambaa kwa ajili ya vumbi. Aliipiga nondo mpaka bati likabonyea, mpaka matumbo yake ya waya na vibao vya kijani yakamwagika sakafuni, kisha akavikanyaga.

"Imekufa," alisema, akihema.

"Mmevunja bati," alisema Fundi. "Maneno yalishaondoka."

Nondo alimzaba kofi lililorusha miwani. Aliponyoosha mkono kumkaba, Fundi alikichoma chuma cha lehemu shingoni mwake, chini ya sikio. Nyama ikalia *chwii*. Nondo alipiga ukelele kama fahali, akamkamata nywele, akamgongesha uso mezani, mara ya kwanza, mara nyingine, jino likatoka likaanguka kati ya skrubu.

"Jina!"

"Sina."

Wakampiga. Mmoja alimpiga mateke ya mbavu, mwingine mikanda. Kamanda alisimama mlangoni, amewapa mgongo, anatazama barabara tupu.

"Kamanda," Nondo alisema, akiziba shingo yake iliyoungua, "mbona umegeuka? Huyu ni shemeji yako. Mshike wewe. Tumetumwa tukuangalie na wewe."

Kamanda aligeuka. Ukingoni mwa meza kulikuwa na jiliwa, kile chombo cha kubania vyuma. Alilitazama kama mtu anayetazama mlango wa kutokea. Akaushika mkono wa kulia wa Fundi, mkono wa kazi, akaviingiza vidole katikati ya mataya, akaanza kuzungusha kishikio.

"Sema, shem. Sema jina moja tu, tuondoke."

Alikuwa analia huku anazungusha. Machozi yalimdondoka juu ya mkono wa Fundi. Kidole cha kwanza kiliposikika kimevunjika, alifumba macho na kuendelea. Fundi alipiga yowe lililofika nyumba zote zenye mapazia, lakini hakutamka jina, wala hakuutazama mlango wa ndani. Nyuma ya mlango huo, Mama alikuwa amepiga magoti, amejaza kitambaa mdomoni, kwa sababu Fundi alimwapisha asitoke.

Mume wa Fundi aliingia kwa kasi. Jirani alikuwa amemfuata buchani kwa mbio. Alikuwa na shoka la kukatia mifupa na aproni yake ya damu. Pigo la kwanza lilimpata mlinzi mmoja begani, yule akaanguka akilia kwa jina la mungu wake. La pili halikushuka. Nondo alimpiga gotini kwa kile chuma, goti likajikunja upande usiokunjika, naye akaanguka kama mzigo.

"Endelea, Kamanda," Nondo alisema. "Vimebaki vidole."

Mlango wa ndani ukafunguka.

Mama alikuwa ametoa kitambaa mdomoni, amekishika mkononi. "Mwache," alisema. "Mpita Njia ni mimi."

"Mama, rudi ndani," Kamanda alisema bila kumtazama.

"Nilisimama mbele ya duka la vyombo, na uzi wangu mkononi. Ulimpiga akiwa ameshalala chini. Aliita mama yake. Nami ni mama, nikaitika moyoni. Nikakwambia basi. Nilikwambia sana, mwanangu, hukusikia."

Kamanda aliachia kishikio cha jiliwa. Alimtazama mama yake, akamtazama Fundi, aliyekuwa amelegea juu ya meza, damu na mate vikimtoka, na ndipo akaelewa kwamba mwanamke huyu, ambaye yeye alimvunja vidole, alikuwa akimficha mama yake mzazi.

"Kumbe bibi kizee," alisema Nondo. Alimkamata Mama mkono. "Twende ukamweleze Mwenyekiti."

Alimvuta, Mama akajikwaa kwenye vipande vya kompyuta, akaanguka kifudifudi. Kamanda alilia kitu kisichokuwa neno, akamrukia Nondo. Alimpiga ngumi ya pua, akampiga ya koo. Mwenzao wa tatu alimpiga rungu kisogoni kwa nyuma. Kamanda alipoyumba, Nondo akampa chuma cha taya, na taya likahama mahali pake. Wakamburuta nje barabarani. Wakampiga kama alivyowafundisha: kichwa kwanza, na mtu akianguka usiache.

Ng'ambo ya barabara aliishi dobi mmoja mwanamke, aliyekuwa amejifungia na sufuria lake kubwa la maji ya kufulia likichemka. Alikuwa amesikia mayowe yote ya Fundi. Hakuna aliyejua ni nini kilichomnyanyua hasa. Alitoka na sufuria, akaenda moja kwa moja bila kukimbia, akammwagia Nondo mgongoni.

Ngozi ilitoka na shati. Na ukelele wa Nondo ndio uliofungua milango. Watu walitoka na michi, na mafagio, na mawe, na hasira ya miaka waliyoondolewa njiani na kuporwa mboga na kutukanwa mbele ya watoto wao. Mlinzi aliyekatwa begani alikuwa ameshatoroka; yule wa tatu alikimbia akaokoka. Nondo alifika mtaroni. Walimpiga humo mpaka hakutikisika tena, na waliendelea baada ya hapo.

Kisha wakakumbuka kuna mwingine.

Kamanda alikuwa amelala katikati ya barabara, uso haujulikani. "Huyu ndiye aliyemuua muuza viatu!" mtu alipaza sauti. Mwenye duka la vyombo alikuwepo, yule ambaye polisi walimkuta hakuona kitu. Alikuwa na jiwe. Mtu akaja akibingirisha tairi. Mwingine akauliza nani ana petroli.

Mama alitoka ndani akitambaa, kisha akisimama, kisha akikimbia. Alijitupa juu ya mwanawe, akamfunika kwa mwili wake mdogo, mikono ameitandaza. Jiwe lililokuwa limesharushwa likampata yeye kwenye paji la uso.

"Bibi, toka!" walipiga kelele. "Huyo ni muuaji!"

"Ni muuaji!" aliwajibu, damu ikimwingia machoni. "Na ni wangu! Nani kawaambia ni muuaji kama si mimi? Mpita Njia ni mimi! Nyie wote mlikuwepo, mkasema hamkuona. Nilimtoa mimi, mwanangu wa kumzaa. Nilimtoa ahukumiwe! Sikumtoa mumchome!"

"Toka, Bibi!"

"Kama mna kiberiti, washeni na mimi."

Ndani, mume wa Fundi alikuwa ametambaa kwa mikono na goti moja mpaka mezani. Alikirudisha nyuma kile kishikio, polepole, akimwambia mkewe pole, pole, pole, mpaka mkono ukachomoka. Fundi alitoka nje ameushika mkono ule kifuani kama mtoto mchanga. Alipita katikati ya watu, wakampisha. Alikaa chini kwenye vumbi, kando ya mama mkwe wake, akaegemeza mgongo wake kwa mtu aliyemvunja.

Watu walivitazama vile vidole. Mwenye tairi aliliegemeza ukutani, kana kwamba tangu mwanzo ndipo alipokuwa akilipeleka. Mtu akaenda kutafuta gari.

*

Polisi walikuja kila kitu kilipokwisha, wakauliza kuna nini.

Uani ulifungwa kwa muda usiozidi homa ya Fundi. Wauguzi wa ule mji mwingine waliwapokea watu wa mtaa kwenye nyumba yao, wakawapa mahali pa kuandikia, na mmoja wao akatuma kompyuta iliyotumika kwa basi la mizigo. Programu ilikuwepo palepale ilipokuwa, bure, inamsubiri yeyote. Kwa kuwa mkono wa Fundi ulikuwa ndani ya plasta, aliyeandika alikuwa mumewe, mguu wake umenyooshwa juu ya kiti. Bucha ilikuwa imeshafungiwa na hakuwa na pa kwenda. Vidole vyake vinene vya kukatia nyama vilibonyeza herufi mbili kwa mpigo.

"Futa hiyo," Fundi alimwambia, akitamka kwa shida kupitia pengo. "Nimesema nukta, wewe umeweka mkato."

"Nukta, mkato, vyote si uchafu wa sisimizi tu?"

"Nukta, baba."

Ilikuwa mara yao ya kwanza kucheka tangu siku ile, na Fundi alishika mbavu kwa maumivu. Mumewe aliacha kucheka kabla yake. "Ungeniambia ni mama," alisema.

"Ungefanya nini?"

"Sijui," alisema, na ilikuwa kweli.

Mwenyekiti alikamatwa, kwa sababu watu wa miji mingine hawakuacha kuuliza, kisha akaachiwa kwa dhamana, akarudi sokoni akitembea na wanasheria. Mwenye duka la vyombo alikwenda kituoni kwa miguu yake akaandikisha alichokiona. Baada yake akaenda muuza vitunguu. Wengine hawakwenda. Kwa kifo cha Nondo, mtaa mzima uliulizwa, na kwa hilo hata mmoja hakuwa ameona.

Mama alikwenda kwa mjane wa muuza viatu, amefungwa bendeji kichwani, akabisha. Mjane alichungulia dirishani, akamtambua, akafunga pazia. Mama alikaa kizingitini mpaka jua likawa kali, kisha akaondoka.

Kutoka pale alipitia hospitali. Fundi alikuwa anamsubiri getini, maana naye alikuwa na siku ya kubadilishiwa plasta, na wakaingia wodini pamoja. Kamanda alikuwa amefungwa pingu kwenye kitanda, askari ameketi pembeni. Meno yake yalikuwa yamefungwa kwa waya, na kwa siku kadhaa alikuwa amekataa kula chochote kwa mkono wa mtu. Alipomwona Fundi aligeuza uso ukutani. Fundi hakusogea karibu. Alikuwa amekuja kwa ajili ya Mama, si kwa ajili yake, na alibaki miguuni mwa kitanda, mkono wa plasta umening'inia shingoni.

Mama alifungua chupa, akamimina uji mwepesi kwenye kikombe, akachota kijiko.

"Nimetoka kwa mjane," alimwambia. "Hakunifungulia. Nitakwenda tena. Wewe ukipona utakwenda mahakamani ukaseme ulichofanya, na mimi nitakwenda nikaseme nilichokiona. Sitapunguza hata neno. Haya, kula."

Kamanda hakugeuka.

Mama aliuacha mkono hewani. Uji ulidondoka kwenye shuka.

"Mama, mwache," alisema askari. "Njaa ikimshika atakula."

"Nipe nikushikie," alisema Fundi, akinyoosha mkono wake mzima.

"Hapana."

Walikaa hivyo. Muuguzi alipita na toroli lake, likalia magurudumu mpaka mwisho wa ukumbi. Hatimaye Kamanda aligeuza uso. Macho yalikuwa yamevimba, hayakujua yaweke wapi aibu. Yalipita kwenye plasta ya shemeji yake, yakakwama hapo, yakarudi kwa mama yake. Akaachanisha midomo kadiri waya ulivyoruhusu.

Mama akamimina uji kati ya meno. Nusu ulirudi kidevuni. Aliufuta kwa kidole gumba, akachota kijiko kingine.